Safari ya kwanza ya Lukozi isiyo ya msiba

Nimeolewa na Msambaa miaka 11. Katika miaka hiyo nimepanda Lushoto mara sita, na mara zote sita tulikwenda kuzika.

Inakuwa hivi. Simu inalia usiku, Baba Salma anakaa kitandani anasikiliza, anasema "haya, haya, tunakuja," na mimi nishaelewa. Natafuta kanga, nampelekea mama yangu mtoto, alfajiri tupo stendi. Tunafika kwao Lukozi giza limeshaingia, napokewa na wanawake, naingizwa jikoni. Siku tatu namenya viazi na kuosha masufuria kwa maji ambayo mtu wa Tanga kama mimi anaweza kuapa yametoka kwenye friji. Matanga yakianuliwa tunashuka. Kwao mume wangu nilikujua kwa moshi wa kuni, matope na vilio. Mlima wenyewe nilikuwa sijauona.

Mwezi wa tano mwaka 2022 tulikwenda kumzika kaka yake. Wakati wa kurudi, gari likiwa kwenye kona za Soni, nikamwambia, "Baba Salma, mimi nataka nije kwenu siku ambayo hakuna aliyekufa." Hakujibu. Si mtu wa maneno, anafanya kazi bandarini na anaweza kumaliza siku nzima kwa sentensi nne. Tulipofika Mombo akashuka, akanunua machungwa, akanirushia moja dirishani. Akasema, "Nane Nane mwaka huu ni Jumatatu."

Ndiyo ilikuwa ndiyo yake.

Wazo la kwenda kwa miguu lilikuwa lake pia. Alisema kwao hakuonekani ukiwa garini. Utotoni alikuwa akikatiza msitu wa Magamba na baba yake, kila mmoja na mzigo wake kichwani, wanakwenda kuuza mboga Lushoto mjini na kurudi siku hiyohiyo. Akapanga njia kwa kidole juu ya meza: Lushoto, msitu, Lukozi tulale kwa shangazi yake, siku ya pili Rangwi, siku ya tatu Mtae, Jumatatu tuteremke na basi. Akaomba ruhusa kazini. Mimi ni fundi cherehani, nina kibanda changu Ngamiani, kwa hiyo ruhusa najipa mwenyewe, lakini ilinibidi nikeshe siku tatu kumaliza sare za shule za watu.

Mabegi nilishona mwenyewe. Nilichukua turubai ya kijani, mikanda nikatoa kwenye mkanda wa kiti cha gari bovu, nikapiga uzi wa nailoni mistari minne kila kiungo. Mabegani niliweka sponji. Nayataja kwa sababu mpaka leo yapo, hayajafumuka hata sindano moja, na najivunia kazi ile kuliko magauni mengi ya harusi niliyowahi kushona.

Alhamisi mchana tukaondoka Tanga. Muheza, Segera, Korogwe, Mombo, halafu gari linaanza kupanda. Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kama kilomita 33, na barabara imejikunja mlimani, jabali upande huu, korongo upande ule. Safari hii nilikaa dirishani. Mume wangu akanionyesha upande iliko Vuga, makao ya watawala wa Kisambaa tangu enzi za Mbegha, yule mwindaji aliyetoka Nguu, akawaua nguruwe waliokuwa wakiharibu mashamba, akagawa nyama kwa watu hadi wakamfanya mtawala wao. Mtawala wao walimwita Simba Mwene. Mara sita nimepita pale na hakuna aliyewahi kunionyesha, maana ukienda kuzika hakuna anayekuonyesha kitu.

Asubuhi ya Ijumaa ilianza vibaya. Tulikuwa tumeshazungumza kwa simu na kijana mmoja wa kutuongoza, tukamtumia kianzio cha elfu 30, na saa kumi na mbili na nusu simu yake haipatikani. Msitu wa Magamba ni hifadhi, huingii kama unaingia kwenye migomba ya baba yako, unalipia kibali na unakwenda na mwongozaji. Tulikaa kwenye kibaraza tunatetemeka hadi saa mbili. Roho iliniuma, si kwa pesa tu, ni kwa vile nilivyoisubiri siku ile. Mwishowe mwenye mgahawa tulikokunywa chai akamwita mwongozaji mwingine, kijana mpole aliyevaa gamboti. Yeye akatushughulikia kila kitu kwa nusu saa.

Tulipoanza kupanda nikaona moshi unanitoka mdomoni. Nikasimama. Nikapuliza tena, ukatoka tena. Mimi ni mtu wa pwani, nina miaka 36, na nilikuwa sijawahi kuiona pumzi yangu mwenyewe.

Msituni ni kugumu kueleza. Miti imevaa ndevu, kijani iliyokolea mpaka inakuwa nyeusi, na chini kumelainika kwa majani yaliyooza, unakanyaga kama unakanyaga godoro. Mwongozaji akatuonyesha mkulo, mti mkubwa ajabu, akaokota kipande cha gamba lililoanguka, akakivunja na kunipa ninuse. Harufu yake ilikuwa kama mchanganyiko wa kafuri na kabati la nguo za bibi. Akasema mikulo mikubwa ilimalizwa sana na wapasua mbao, kuanzia wakati wa Mjerumani, na ndiyo maana iliyobaki inalindwa. Baba Salma akauwekea kiganja ule mti. Akasema babake alikuwa na sanduku la mkulo na nondo hawakuliingia kamwe. Miaka 11 sijawahi kusikia habari ya sanduku hilo.

Mbega tuliwasikia kwanza, sauti kama mtu anakoroma ndani ya pipa, kisha tukawaona juu kabisa, weusi na manyoya meupe mabegani kama wamevaa mashali. Lakini kilichonikaa zaidi ni kinyonga. Tulikuwa tumeshatoka upande wa pili wa msitu, kwenye ua wa miti kando ya shamba la viazi. Kijana akasimama ghafla akanyoosha kidole. Nilitazama muda mrefu nisione kitu, halafu jani moja likageuza jicho. Alikuwa mdogo, hafiki urefu wa kiganja na vidole vyangu, rangi ya kijani iliyopauka, na puani ana pembe mbili, moja kando ya nyingine, zimechongoka kama ncha za mkasi wangu mdogo wa kukatia nyuzi. Jicho moja lilikuwa linanitazama mimi na la pili linamtazama mume wangu. Ngozi yake ilikuwa ya vijipunje vidogo vilivyopangwa sawasawa, kama shanga zilizotariziwa na mtu mwenye subira. Utotoni tulifundishwa kumkimbia kinyonga. Nilisogea hadi pumzi yangu ikamfikia, akanyanyua mguu mmoja taratibu, akautikisa hewani, akaurudisha palepale. Kijana akasema aina hii ni ya milima yao ya Usambara ya Magharibi, haipo pengine duniani, na kwamba wapo wanaowakamata wakawauze, kwa hiyo yeye hamshiki na hamruhusu mgeni kumshika. Nikampenda kwa neno hilo.

Sasa njiani. Kuanzia pale tulipotoka msituni, kila tuliyekutana naye alisimama kutusalimia, na salamu ikishaisha likaja swali: "Mnakwenda msibani?" Mzee mwenye jembe aliuliza. Wanawake watatu wenye vikapu vya karoti waliuliza. Dereva wa bodaboda alipunguza mwendo akauliza, akatupa pole kabla hatujajibu. Mwaka ule pia sensa ilikuwa inakaribia, tarehe 23 Agosti, kwa hiyo wengine walidhani ni makarani wa sensa. Mume na mke wazima wenye mabegi, wanatembea tu, hakuna mtu aliyekuwa na sababu nyingine ya kuwapa. Mara ya kwanza Baba Salma aliona aibu, akasema tunakwenda kumsalimia shangazi. Mara ya tano alikuwa anajibu kwa sauti, "Hatuna msiba, tunatembea!" na watu wanacheka naye.

Na anajibu kwa Kisambaa. Hili lazima niliseme. Mume wangu ninayemjua anaongea Kiswahili cha Tanga kwa uangalifu, taratibu, kama mtu anayehesabu chenji. Kule akisema "Onga maundo" neno linatoka lina kamba ndefu nyuma yake, wanavutana, huyu anasema na yule anajibu, mikono inaruka, anacheka mpaka anashika magoti. Nilikuwa nimesimama pembeni na begi langu, namtazama mtu huyu. Nilisikia furaha na kidogo wivu. Nilijiuliza miaka yote hii anamweka wapi.

Tukafika Lukozi mchana umekwisha, malori yanapakia kabichi za kwenda Dar, mtaa mzima umetapakaa majani. Nyumba ya shangazi ipo juu kidogo ya barabara. Alikuwa uani anachambua maharage kwenye ungo. Akainua kichwa, akatuona tunapanda, mimi na mume wangu, na mabegi, bila kupiga simu. Ungo ukaanguka. Akaweka mikono kichwani akaanza kulia, "Nani? Nani tena?"

Baba Salma alikimbia. Alimshika mabega akawa anamwambia hakuna mtu, shangazi, hakuna mtu, wote wazima, tumekuja kukuona tu. Bibi yule alichukua muda kutuamini. Aliuliza jina moja moja: fulani mzima? Fulani? Na Salma? Alipoishiwa na majina akakaa chini kwenye maharage yaliyomwagika, akajifuta uso kwa upindo wa kanga, akasema, "Basi mmeniua na furaha." Nikapiga magoti nikampa shikamoo, tukaokota maharage wote watatu, punje kwa punje, mpaka jua likazama.

Kosa lilikuwa letu. Tulitaka kumshtukiza kwa furaha, hatukufikiria kwamba kwa mtu wa umri wake, ndugu wa mbali akitokea bila taarifa anakuja na habari moja tu.

Usiku ule hatukulala mapema. Tulikula makande jikoni, miguu karibu na mafiga, naye akawa anasimulia. Nilimuuliza juu ya ngazi za udongo nilizoziona mashambani, namna mlima ulivyokatwa matuta na kuoteshwa mabingobingo kingoni. Akasema haya ya sasa watu wanayapenda kwa sababu wanaona faida. Lakini utotoni mwake, miaka ya 1950, neno matuta lilikuwa chungu. Serikali ya Mwingereza iliwalazimisha watu wachimbe matuta mashambani kuzuia udongo usichukuliwe na mvua, kwa amri na kwa faini. Mama yake alikuwa akirudi jioni viganja vimechubuka. Watu walinung'unika, wakakataa, mwisho ule mpango ukafa. "Udongo ni wetu," akasema, "lakini jembe lilikuwa la kwao." Mume wangu alikuwa anasikiliza kama mtoto. Hata yeye hakuwahi kuambiwa, kwa sababu kila akija, watu wanaongea habari za marehemu.

Jumamosi kwenda Rangwi nitapita haraka, maana nusu ya siku nilikuwa naangalia miguu yangu tu. Shangazi alitufungia viazi vya kuchemsha, mwongozaji akaja kutuchukua, tukaanza. Kuna mteremko mrefu wa kushuka bondeni, na kushuka ndiko kulikoniponza. Raba zangu nilinunua mtumbani, zilikuwa nzuri lakini zilinibana kidogo mbele, na kila hatua ya kushuka vidole vinagonga. Isitoshe, Baba Salma ana mwendo wa kwao. Mguu wake ulikuwa umekumbuka ile njia, akawa anatangulia hatua hamsini, anasimama kunisubiri, nikimfikia tu anaondoka. Yaani yeye amepumzika, mimi sijapumzika. Nilivumilia mara nne. Ya tano nikaketi juu ya jiwe nikamwambia, "Mimi sikuja kutazama mgongo wako. Mgongo wako naujua."

Hakusema kitu. Akachukua begi langu akaliweka kifuani, la kwake likiwa mgongoni, akasema, "Tangulia wewe." Tangu pale hadi mwisho wa safari alitembea nyuma yangu. Nikipunguza anapunguza. Na cha ajabu, alipokuwa nyuma ndipo alipoanza kuongea. Aliniambia kwa nini aliondoka nyumbani akiwa na miaka 16, na mambo mengine ambayo nitayaacha kulekule mlimani.

Rangwi kuna watawa wa Kikatoliki wenye nyumba ya kufikia wageni, bustani yao inang'aa kwa usafi. Tulipokelewa vizuri sana, sisi Waislamu wawili tumejaa vumbi, tukaonyeshwa pa kuswalia bila hata kuuliza. Sista mmoja akaleta maji ya moto kwenye beseni ya bluu. Nilipovua soksi ya kulia ilikuwa imegandana na ngozi. Lengelenge lilikuwa limepasuka kwenye kisigino na kucha ya kidole gumba imekuwa zambarau. Baba Salma akaketi sakafuni, akauweka mguu wangu kwenye beseni, akailowanisha ile soksi taratibu mpaka ikaachia yenyewe. Mikono yake ni ya kamba na vyuma, viganja vimekauka kama msasa. Aliosha katikati ya kila kidole, akakausha kwa kanga yangu, akapaka mafuta ya nazi niliyobeba kwa ajili ya nywele. Kisha akatoa wembe, akapasua raba zangu mbele, palepale vidole vinapogonga, matundu mawili yaliyonyooka. Nikamwambia ameziharibu. Akasema, "Utanishukuru kesho." Kwa Kisambaa ningemwambia "hongea", ndiyo asante yao, lakini wakati huo sikulijua neno.

Siku ya Jumapili ilikuwa ndefu na ndiyo iliyokuwa nzuri kuliko zote. Njia inapita vijijini, juu ya mgongo wa mlima, mara misindano, mara mashamba, mara unatokea penye uwazi na bonde zima liko chini na ukungu umelala ndani yake kama maziwa kwenye kibuyu. Vidole havikugonga tena. Saa kumi jioni tukafika Mtae.

Mtae mlima unaisha. Sijui niseme vipi zaidi ya hivyo. Unatembea kijijini katikati ya nyumba, kuku, watoto, halafu nyuma ya nyumba ya mwisho hakuna kitu. Ardhi inakatika, na chini kabisa, zaidi ya mita elfu moja, ndiko tambarare ilipo: Mkomazi, na ng'ambo yake Kenya, na upande wa kushoto milima ya Upare imesimama. Rangi ilikuwa ya kahawia na waridi, na mawingu yalikuwa yanatupa vivuli juu yake. Nikaikumbuka bahari yetu ikishakupwa sana, inapoacha mchanga na mafungu mpaka macho yanapoishia. Wasambaa wanagawa dunia mara mbili, Baba Salma alinieleza. Huku juu penye baridi na maji ni Shambaai, ndiko kwa watu. Kule chini ni nyika, penye joto na homa na hatari, na watoto walitishiwa nako.

"Na mimi umenitoa wapi?" nikamuuliza.

"Mbali kuliko nyika," akasema. "Wewe umetoka kwenye maji."

Kijana akatuonyesha upande ambako Kilimanjaro huonekana kukiwa kweupe. Hakukuwa kweupe. Tulikaa pale tumejifunika shuka moja mpaka taa moja moja zikaanza kuwaka kule chini, na upepo ukawa mkali mno.

Jumatatu ya Nane Nane basi lilipiga honi saa kumi na nusu alfajiri, giza totoro, madirisha yamejaa umande kwa ndani. Nililala begani mwa mume wangu. Niliamka basi linapunguza mwendo, mwanga umeanza, ni Lukozi. Shangazi alikuwa amesimama kando ya barabara amejifunga blanketi, miguuni pake kiroba cha viazi kimeshonwa mdomo kwa kamba ya katani. Hatukumwambia tutapita saa ngapi. Basi la Mtae ni hilohilo kila siku, alisema, alikuja kusubiri tu.

Konda akakipandisha kiroba akilalamika uzito. Shangazi akapitisha mkono dirishani akanishika shavu. Kiganja kilikuwa cha baridi na kina udongo.

"Mwakani mje na Salma," akasema. "Lakini mpige simu kwanza."